Siku binti yetu alipomshika nyoka

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Msomaji wangu, mimi nilioa katika nyumba ya ung'ong'o. Kwetu hakuna mshipi wa suruali unaoachwa sakafuni, wala mpira wa kunyunyizia maji unaolala uani baada ya magharibi. Kamba ya kuanikia nguo ikikatika huokotwa papo hapo. Nilipokuwa bwana harusi mpya nilidhani ni usafi.

Kwa hiyo mtaelewa hali ilivyokuwa asubuhi moja ya likizo ya Agosti, mwaka 2023, binti yetu wa pili, aliyekuwa na miaka 10, alipotangaza mezani kwamba mwalimu amewapa kazi ya kuandika juu ya mnyama mwenye magamba, na kwamba yeye hatamwandika samaki. "Samaki ameandikwa na darasa zima," akasema. Alitaka twende Museum Hill, kwenye bustani ya nyoka. Kaka yake akamuunga mkono. Kitinda mimba wetu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 3 na huunga mkono jambo lolote lenye kupanda matatu, akaenda kutafuta viatu vyake.

Nikamtazama Mama Watoto. Aliendelea kumimina chai kana kwamba hakusikia. "Nendeni," akasema. Kisha baada ya kitambo: "Hata mimi nitakuja. Siwezi kukaa hapa peke yangu nikiwaza."

Bustani hiyo iko ubavuni mwa makumbusho ya taifa jijini Nairobi tangu mwaka 1961. Wengi wetu tuliosomea mjini tulipelekwa pale kwa basi la shule, tukapangwa wawili wawili tumeshikana mikono, tukapitishwa mbele ya vioo upesi upesi kama watu wanaokimbia mvua. Ninachokumbuka mimi kutoka ziara ile ni kisogo cha mwanafunzi aliyekuwa mbele yangu. Nyoka sikuwaona. Safari hii niliapa kutazama kila kioo, na nitawaeleza baadaye jinsi nilivyokivunja kiapo hicho.

Tulianza na mamba, ambao walikuwa wametulia kama magogo hata kitinda mimba akataka kujua kama ni wa plastiki. Tukaenda kwa kobe, tukaenda kwa kenge. Kufikia hapo mke wangu alikuwa bado yu nasi, mkoba wake ameushika kifuani kwa mikono miwili. Lakini tulipofika kwenye vioo vya nyoka alisimama mlangoni akasema hapo panamtosha, pana hewa.

Mhudumu tuliyemkuta ndani alikuwa kijana mpole mwenye buti ndefu. Kifungua mimba wetu, ambaye katika kila jambo hutaka kujua lililo kubwa kuliko yote, alimuuliza nyoka gani wa Kenya ni mkubwa zaidi. Kijana akamwambia chatu. Na katika fira wanaotema mate? Hapo tukapata hadithi nzuri. Kuna fira mkubwa wa pwani na nyanda kavu ambaye kwa miaka mingi wataalamu walimhesabu kuwa aina moja na wenzake, hadi mwaka 2007 alipotambuliwa kuwa aina ya pekee na kupewa jina la marehemu James Ashe. Bwana huyo aliwahi kufanya kazi kwenye makumbusho haya haya ya Nairobi, kisha mwaka 1980 akaanzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken kule Watamu. Mmoja wa fira hao aliyekamatwa Watamu alikuwa na urefu wa karibu mita 2.7. Kijana wetu alipima ukutani kwa macho, akanyamaza.

Ndipo mhudumu akauliza, "Nani anataka kumshika mmoja?"

Mkono wa binti ulikuwa juu kabla swali halijaisha. "Basi Mzee aanze," mhudumu akasema, "watoto waone kwamba hakuna neno." Msomaji wangu, nilikumbuka ghafla kwamba nimevaa saa. Nikaeleza kwamba chuma cha saa kinaweza kumwumiza mnyama. Kijana akanitazama kwa heshima zote na kuniambia ningeweza kuivua. Nikasema elimu ni ya watoto, tusiwanyang'anye.

Aliwapeleka kwanza kunawa mikono kwa sabuni. Nyoka hutegemea harufu, akasema, na mkono unaonukia nyama unaweza kumdanganya akaudhania ni mlo. Kitinda mimba alikatazwa, akalia. Baada ya kumshika ni lazima kunawa tena, kwa sababu wanyama wa jamii hii, hata kobe, huwa na vijidudu vya salmonela juu ya ngozi bila wao kuugua, na watoto walio chini ya miaka 5 ndio huathirika vibaya zaidi. Jambo hilo sikulijua, na nilikuwa nimekwisha kuahidi nyumbani kobe wa kufuga.

Kisha akamtoa. Alikuwa mfupi, kutoka kwenye kiwiko changu hadi ncha za vidole na zaidi kidogo, lakini mnene kama mpini wa jembe. Rangi yake ilikuwa ya machungwa iliyotiwa mabaka ya kahawia, na mkia wake butu kana kwamba ulikatwa. Ni jamaa ya chatu anayeishi mchangani katika sehemu kavu za nchi yetu. Hujifukia akabakiza macho na pua, akangoja panya apite, akamkamata na kumbana kwa mwili wake hadi afe. Sumu hana hata tone.

"Usimkamate," mhudumu alimwambia binti. "Anayekamatwa hudhani analiwa. Fungua mikono yako, iwe tawi. Yeye ndiye atakayekushika."

Binti akafungua mikono. Nyoka akawekwa pale, akatulia kidogo, kisha akaanza kupita kati ya vidole pole pole, ulimi ukitoka na kurudi. Nilimwona mwanangu akiacha kupumua, halafu akapumua. "Baba, ni mkavu!" akasema kwa kunong'ona. "Nilidhani ni wa kuteleza." Mhudumu akamweleza kwamba magamba yale ni ya kitu kile kile cha kucha zetu. Akamweleza kwamba ulimi ule hauchomi wala hauumi, ni wa kunusia: huokota harufu hewani na kuipeleka ndani ya kaakaa. Kwamba nyoka hana kope, ndiyo maana hatazami pembeni wala hafumbi. Kwamba hana moto wake mwenyewe mwilini kama sisi, huukopa jua na mchanga, na sasa anaukopa viganja. Kweli, baada ya dakika chache binti akasema amepata joto.

Uso wake siku ile sijawahi kuuona kwenye picha yoyote ya kwake. Akageuka kuelekea mlangoni. "Mama, njoo umwone. Hana neno."

"Nimemwona," mama yake akajibu. Mkoba ulikuwa umepanda hadi kidevuni. "Sasa inatosha. Mrudishe. Twendeni."

Wanaume mliooa mnaijua sauti ile. Tulinawa mikono haraka, nikamshukuru kijana. Alinyosha kidole kuelekea kioo cha mwisho na kusema, "Mzee, mngepita kwanza kwa bafe. Ningependa watoto wamwone na huyu." Nikamjibu, "Siku nyingine, ndugu yangu." Tukatoka.

Sasa niwaeleze habari ya ung'ong'o. Mke wangu ni mtu wa Kibwezi. Jioni moja ya mwaka 1989, akiwa na miaka 8, alikuwa akirudi na kaka yake kutoka malishoni. Kaka, shemeji yangu huyo, alikuwa na miaka 15. Giza lilikuwa linaingia, mbuzi wako mbele, yeye anafuata, na msichana yuko nyuma akikanyaga pale alipokanyaga kaka yake, kama watoto wafanyavyo. Mguu uliomkanyaga bafe ungekuwa wake kwa tofauti ya hatua moja. Aliyekanyaga alikuwa kaka.

Nyumbani walifanya yote waliyoyajua. Mguu ulifungwa kamba ngumu chini ya goti. Ukachanjwa kwa wembe. Ukawekwa jiwe jeusi, lile linalosemekana hunyonya sumu. Siku ya tatu ndipo alipofikishwa hospitalini, mguu umefura na kubadilika rangi, na kilichobaki cha kufanya kikawa ni kuukata. Shemeji hutembea kwa mguu wa bandia hadi leo. Ni fundi wa cherehani, na mcheshi kuliko mimi, lakini habari hiyo haizungumzi.

Nimeuliza na kusoma mengi tangu hapo, na ningependa yajulikane kwa kila mwenye jamaa mashambani. Sumu ya bafe huua nyama ya mahali ilipoingia. Kamba ngumu huifungia sumu hiyo pale pale na kuzuia damu kufika, nao wembe hufungua mlango wa vidonda na usaha. Jiwe jeusi aghalabu ni mfupa uliochomwa, na halinyonyi chochote kilichokwisha kuingia mwilini. Aliyeumwa atulizwe, avuliwe pete, bangili na viatu kabla hajafura, mguu au mkono ulioumwa usichezechezwe, apelekwe hospitali mara moja, kwa pikipiki ikibidi, katikati ya watu wawili. Dawa ya kuvunja sumu iko, nayo hudungwa mshipani na mganga wa hospitali tu. Msimfuate nyoka mkamwue ili mwende naye. Mtapata mgonjwa wa pili.

Wala si balaa la Kibwezi peke yake. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyopuuzwa. Makadirio yake ni kwamba kila mwaka hufa duniani watu kati ya 81,000 na 138,000, na wanaokatwa viungo au kubaki na kilema ni karibu mara tatu ya hao. Wengi wao ni wakulima, wachungaji na watoto.

Desemba ikafika. Tulikwenda Kibwezi kwa mama mkwe kama kawaida yetu. Huo ulikuwa mwaka wa El Niño. Mvua ilikuwa imenyesha Ukambani kwa wingi, nyasi zimefika magotini, maembe yameiva. Watoto walishinda mashambani na binamu zao, na sisi wakubwa tulishinda kivulini tukisema maisha yamepanda.

Usiku wa tatu, binti alinifuata nje nilipokuwa nikipiga mswaki. Alisimama kando yangu muda mrefu.

"Baba, leo tumemwona nyoka. Njiani, kwenye majani ya mwembe."

"Wa namna gani?"

"Mfupi, mnene. Amelala vile vile kama yule wetu. Nikainama, Baba. Nikafungua mikono iwe tawi."

Maji yaliniishia kinywani. Sikumkatiza.

"Halafu akapumua. Kwa nguvu, kama gurudumu linalotoka upepo. Yule wa bustani hakupumua. Nikarudi nyuma. Binamu wakaleta mawe, nikawaambia wamwache, tukazunguka kwa mbali." Akanyamaza. "Usimwambie Mama."

Bafe ndivyo afanyavyo. Hana mbio, hutegemea kutoonekana. Mtu akimsogelea hujaza mapafu na kuitoa hewa kwa mvumo, na huo ndio msaada wa mwisho anaoutoa kabla ya kupiga, na kupiga kwake ni kwepesi kuliko jicho kupepesa. Ukimtazama kwa utulivu nyuma ya kioo, utamtofautisha na yule wa mchangani bila shida: kichwa cha bafe ni kipana na bapa, shingo ni nyembamba, na mgongoni ana alama zilizopangwa kama herufi V moja nyuma ya nyingine. Yule mwingine kichwa na shingo ni unene mmoja. Lakini hayo ni ya nyuma ya kioo. Kwenye majani makavu, kwa mtoto wa mjini aliyemshika nyoka mmoja tu maishani mwake na kumpenda, ni mnene na mfupi, basi.

Nililala nikikitazama kioo kile cha mwisho nilichokataa kupita. Mtu anaweza kunilaumu kwa kumruhusu mtoto amshike nyoka, na wapo ndugu walionilaumu. Mimi hilo sijutii. Shemeji aliogopa nyoka tangu kuzaliwa kwake na hofu haikumwonyesha bafe gizani. Na binti asingekuwa ameyazoea mazingira ya mnyama yule, huenda mvumo ule usingemwambia kitu, au angepiga mayowe na kukimbilia mahali pa kukanyaga vibaya. Nijutialo ni kwamba nilimpa nusu ya somo, nikamtoa darasani kwa kuwa mama yake ameshika mkoba vibaya.

Nilimwambia Mama Watoto asubuhi. Siri ya mtoto niliivunja, na binti alinuna siku mbili, lakini jambo la namna hiyo halikai kati ya mtu mmoja na mwanawe. Mke wangu alisikiliza hadi mwisho. Hakusema lolote. Siku ya kurudi Nairobi alikaa kiti cha mbele, nami nikaendesha. Kutoka Kibwezi hadi Makindu hakunisemesha. Kiboko, kimya. Emali niliuliza kama anataka maembe, akasema tuna maembe gunia zima. Tulipopita Sultan Hamud ndipo akasema, akitazama mbele:

"Tutarudi pale. Huyo mliyemruka, nitamwona. Na kaka atakuja."

Ilichukua hadi Agosti iliyofuata. Shemeji alikuja na basi la usiku, amevaa koti la Jumapili, akitutania kwamba amepelekwa kutambulishwa kwa mshtakiwa. Mhudumu hakuwa yule wa kwanza. Alikuwa mama wa makamo aliyewaita watoto wangu "wanangu" na kuwapeleka moja kwa moja kunawa. Binti alimweleza kwamba safari hii tunaanza na kioo cha mwisho.

Bafe alikuwa amelala pembeni, kama alivyokuwa amelala mwaka mzima, nadhani. Mama yule alieleza watoto habari zake: kwamba huzaa watoto walio hai, wala hatagi, na kwamba jike mmoja aliyetoka Kenya aliwahi kuzaa watoto 156 kwa mara moja katika bustani ya wanyama ya nchi ya Czech. Kifungua mimba alifurahia hesabu hiyo. Binti hakuwa akisikiliza. Alikuwa ameweka kidole kwenye kioo, akimfuatisha V moja baada ya nyingine, na midomo yake ikihesabu.

Shemeji alisimama mbele ya kioo, fimbo mkononi. Tulirudi nyuma kidogo bila kuambiana. Miaka thelathini na mitano, na hakuwahi kumwona. Ilikuwa giza, na alichokijua ni uchungu tu.

"Kumbe ni mfupi hivi," akasema.

Hakuongeza neno. Baadaye mhudumu alipomtoa yule wa mchangani na kuuliza nani atamshika, binti alimtazama mjomba wake. Mjomba akacheka, akatikisa kichwa. "Mimi niacheni, mwanangu. Mimi nimekuja kwa huyo mwingine."

Ndipo nikahisi kitu kizito kikiwekwa mikononi mwangu. Ulikuwa mkoba wa mke wangu. Yeye alikuwa amekwisha kufika kwenye bomba, anapandisha mikono ya gauni lake, anauliza sabuni iko wapi.